Kabla Ukimbilie Watamu Kuona Kasa, Uliza Nani Analipwa

Wasee, wikendi ndefu ikikaribia swali huwa ni lile lile. Mko Mombasa, mmebaki na siku mbili, mmechoka na Nyali, mnataka kuona wanyama lakini doh ya Mara haipo. Jibu langu ni moja: panda matatu ya Malindi, shukia Gede, ukalale Watamu. Ni mwendo wa kilomita 100 na kitu kutoka Mombasa. Ratiba nitakupea. Lakini kwanza stori, kwa sababu bila stori utaona kasa, utapiga picha, utarudi Nairobi na hujaelewa umeona nini.

Tunapenda kudhani kwamba utalii wa wanyama Pwani ulianza na wazungu na mahoteli yao. Hapana. Biashara ya wanyama wa Pwani ni ya zamani kuliko miji yenyewe. Tofauti ni kwamba zamani watu hawakuja kuwaona wanyama. Wanyama ndio walisafirishwa kwenda kuonwa, ama kuvaliwa, ama kuchongwa.

Kuna kitabu cha mabaharia kiliandikwa kwa Kigiriki kama miaka 2,000 iliyopita, kinaitwa Periplus. Kinataja bidhaa zilizokuwa zinanunuliwa pwani yetu: pembe za ndovu, pembe za kifaru, na magamba ya kasa. Soma hiyo tena. Gamba la ng'amba, yule yule unayetaka kuogelea naye leo, lilikuwa linapanda jahazi kwenda kurembesha matajiri wa mbali kabla Malindi haijaitwa Malindi.

Halafu kuna twiga. Mwaka wa 1415, wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtawala wa Bengal alikuwa amempelekea twiga mwingine, na wengi wanaamini huyo pia alitoka huku kwetu. Wachina walipomwona walisema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayeleta baraka kwa mfalme mwema. Akachorwa, akatungiwa sifa. Wajumbe wa Malindi wakarudishwa nyumbani na merikebu za Zheng He, katika safari yake ya kati ya 1417 na 1419. Fikiria tu kumbembeleza twiga ndani ya jahazi, mawimbi yakipiga, miezi juu ya miezi. Sultani wa Malindi alijua thamani ya mnyama kabla neno utalii halijazaliwa.

Sasa hapa ndipo stori inabadilika. Nani alikuwa anawinda?

Kwa pembe za ndovu, jina la kujua ni Waata. Hawa walikuwa wawindaji wa bara la Malindi mpaka Tsavo, maarufu kwa pinde ndefu ngumu ajabu na mishale ya sumu. Pembe zilipita mikononi mwa wafanyabiashara, wakiwemo Wagiriama, zikafika mjini, zikapanda jahazi. Kila mtu kwenye hiyo njia alipata chake, na mwindaji ndiye alipata kidogo zaidi.

Mwaka wa 1948 serikali ya mkoloni ikatangaza mbuga ya Tsavo. Kazi iliyowalisha Waata kwa vizazi ikawa uhalifu kwenye ardhi waliyoijua kama kiganja cha mkono. Katikati ya miaka ya 1950 kukawa na msako mkubwa, wengi wakatupwa jela. Sisemi ndovu wasilindwe. Bila ulinzi tungekuwa tunawaona kwa vitabu tu. Nasema hivi: mzungu aliyekuja na bunduki na leseni aliitwa mwindaji, Mwata mwenye upinde akaitwa jangili. Ndovu ni mmoja, majina mawili. Hiyo bado inauma.

Baharini pia. Mwaka wa 1968 Kenya ilitenga mbuga za bahari za Malindi na Watamu, kati ya za kwanza kabisa Afrika. Ndani ya mbuga hakuna kuvua. Kwenye hifadhi inayoizunguka, mitego ya kienyeji inaruhusiwa. Matumbawe yalipona, samaki wakajaa, watalii wakaja. Lakini mvuvi ambaye babu yake alitupa wavu pale pale alibaki akijiuliza yeye anakula nini. Mtu akiulinda mlango wako halafu akakufungia nje, utampenda?

Ndiyo maana napenda kilichofuata. Miaka ya 1990 mwanzoni, wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke waliona msitu ni hasara tupu: ndovu anatoka usiku anamaliza mahindi, na ardhi nzuri imekaa bure. Mwaka wa 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, pale Gede. Wakulima wanafuga vipepeo wa msitu huo, na pupa zinauzwa kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Ona vile historia inazunguka! Twiga alienda Uchina, pembe zikaenda kila mahali, leo ni kipepeo anayepanda ndege. Ila safari hii pesa inamfikia mama wa kijijini, na msitu ukikatwa biashara yake imekufa. Hakuna askari anayeweza kulinda msitu vile tumbo linavyoulinda.

Mida Creek ni vivyo hivyo. Tangu 2001 kuna mpango ambapo kiingilio cha daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko kinasaidia kulipia karo watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na kando ya ghuba. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo hapo mniache nikiwa na hisia zangu. Kuangalia ndege kumlipie mtu shule? Hiyo ni bei nzuri kuliko lile gamba la ng'amba lilivyowahi kuleta.

Basi ratiba.

Siku ya kwanza, ingia Arabuko-Sokoke alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Huu ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani kavu uliobaki Afrika Mashariki, kama kilomita za mraba 420. Chukua gaidi wa hapo hapo, usijifanye mjuaji. Ukibahatika utaona sengi mwenye matako ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 16 hivi, amelala juu ya tawi kama jani kavu. Mchana nenda magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Wachimbaji walipata vyombo vya kauri vya Uchina humo ndani, kwa hivyo ile stori ya twiga sio hewa. Kima watakuibia ndizi, shika vizuri. Vipepeo wako pale pale getini.

Siku ya pili, uliza wenyeji maji yanakupwa saa ngapi, halafu ndio upange boti ya kwenda mbuga ya bahari. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo weka bando. Kati ya Disemba na Machi, wakati wa kaskazi, maji huwa matulivu na safi. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita, lakini bahari ina hasira. Kasa usimguse, usimfukuze, usimkalie kwa ajili ya video. Jioni malizia Mida, juu ya daraja.

Na kila mahali ukitoa pesa, uliza swali moja: hii inaenda kwa nani? Kwa miaka 2,000 wanyama wa Pwani wametajirisha watu wa mbali. Shilingi yako ni ndogo, sawa, lakini unaweza kuchagua ikae hapa.