JOHN ELIOT NA WALE WALIOMSAIDIA

Baada ya hesabu za fedha na majina ya waliolipa ada zao, twaweka hapa ukurasa mmoja wa historia, ili mwanachama asikifunge kitabu hiki akiwa amejifunza habari za shilingi tu. Safari hii tumechagua habari za John Eliot, Mwingereza aliyetafsiri Biblia kwa lugha ya wenyeji wa Massachusetts, katika Amerika ya Kaskazini. Hatukumchagua kwa kuwa alikuwa mkamilifu, bali kwa kuwa maisha yake yaonyesha jinsi wema na dhuluma viwezavyo kukaa katika nyumba moja.

Eliot alizaliwa mwaka 1604 katika kijiji cha Widford, Uingereza, akasoma katika chuo kikuu cha Cambridge. Alikuwa mmoja wa Wapuritani, yaani Wakristo waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe na desturi ambazo wao hawakuziona katika Maandiko. Wengi wao waliudhiwa kwa ajili ya imani hiyo, wakavuka bahari. Eliot alifika Boston mwaka 1631, na mwaka uliofuata akawekwa kuwa mwalimu wa kanisa la Roxbury, akalitumikia mpaka alipofariki mwaka 1690.

Lugha ya wenyeji hakujifunza kwa vitabu, kwa maana havikuwako. Alifundishwa na Cockenoe, kijana wa Long Island aliyetekwa katika vita vya Wapequot vya mwaka 1637 akafanywa mtumishi katika nyumba ya Mwingereza. Basi mwalimu wa kwanza wa mmisionari huyu alikuwa mateka. Tarehe 28 Oktoba 1646 Eliot alihubiri kwa lugha hiyo huko Nonantum, nyumbani kwa Waban. Mwaka 1649 Bunge la Uingereza liliunda shirika la kukusanya fedha za kazi hiyo.

Waliokubali dini walikusanywa katika vijiji vyao wenyewe, cha kwanza kikiwa Natick, mwaka 1651. Kufikia mwaka 1674 vijiji hivyo vilikuwa 14. Humo walijifunza kusoma na kuandika. Lakini pia walitakiwa kuacha mila zao nyingi na kuishi kwa desturi za Kiingereza. Kwao, kupokea Injili na kuvua utu wao wa zamani vilifanywa kuwa neno moja. Hapo twaona kosa kubwa la Eliot.

Agano Jipya lilipigwa chapa mwaka 1661, na Biblia nzima mwaka 1663, huko Cambridge ya Massachusetts. Ndiyo Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa katika bara lote la Amerika. Biblia nzima ya Kiingereza haikupigwa chapa huko mpaka mwaka 1782. Jina lililosifiwa ni la Eliot. Lakini Job Nesuton alimsaidia katika kutafsiri, na katika kiwanda cha chapa alikuwako kijana wa Kinipmuc, Wowaus, aliyeitwa James Printer, ambaye mikono yake ilizipanga herufi.

Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya Waingereza na wenyeji walioongozwa na Metacom. Wakristo wenyeji hawakuaminiwa na upande wo wote. Serikali ya koloni iliwachukua mamia yao, wanaume, wanawake na watoto, ikawaweka katika Deer Island, kisiwa kilichokuwa mbele ya Boston, wakati wa baridi kali, bila chakula cha kutosha. Wengi walikufa. Sisi wa Kenya, tunaozijua habari za Manda na Mageta katika miaka ya Hali ya Hatari, hatuhitaji kuelezwa maana ya kisiwa cha namna hiyo. Eliot aliwatetea, akawaandikia wakuu wa koloni kupinga kuuzwa kwa mateka utumwani, ingawa watu wake wenyewe walimchukia kwa hayo. Nesuton alikufa katika vita hivyo, na Biblia nyingi ziliharibiwa. Vijiji 14 vikabaki vinne.

Eliot alianza tena akiwa mzee. Chapa ya pili ilitoka mwaka 1685, na yeye mwenyewe alikiri kwamba aliyeweza kuipanga na kuisahihisha kwa kuielewa alikuwa James Printer.

Baadaye, katika karne ya 19, lugha ile ilinyamaza, maana hapakusalia mtu aliyeizungumza tangu utotoni. Lakini mwaka 1993 Wawampanoag, wenye lugha hiyo hiyo, walianza kuifufua, wakiongozwa na Jessie Little Doe Baird. Walichukua Biblia ya Eliot, pamoja na barua na hati za ardhi zilizoandikwa na wazee wao, wakatafuta humo maneno ya kuwafundisha watoto. Kitabu kilichotungwa ili kuwageuza kikawa ghala ya kuwarudishia chao.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, tuandike kwa lugha zetu, na karatasi zetu tuzihifadhi vema, kwa kuwa hatujui ni mjukuu gani atakayezihitaji. Pili, tunapoandika kumbukumbu za kazi yo yote, tusiandike jina la mwenyekiti peke yake. Tuwaandike na akina Cockenoe, Nesuton na Wowaus wetu, wangali hai.