Safu ya Lugha: Upinde hauna mpini

Mkamba wa Mumbuni, Machakos, huuita upinde uta, na Kiswahili cha zamani kinalo neno hilohilo. Kosa lipo katika jina la sehemu ya katikati ya upinde, pale mkono unaposhika, panapoitwa siku hizi "mpini wa upinde".

Sivyo kabisa. Mpini ni mti unaotiwa kwenye chuma cha jembe au shoka. Ukivunjika, hutiwa mwingine. Kisu kina kipini, mpini mdogo. Upinde ni mti mmoja tangu ncha hadi ncha, na katikati yake ni kishikio.

Upinde umepata jina kwa kupinda, lakini mara nyingi kishikio hakitakiwi kupinda, ndiyo maana mchongaji hukiacha kinene. Mti ukiwa mwembamba, hubandika kipande kwa gundi na kukichonga kikonde taratibu kuelekea miishoni. Kikiishia ghafla, kipande hicho hubanduka upinde ukivutwa. Halafu hukizungushia kishikio ukanda wa ngozi mbichi iliyolowa, ambayo ikikauka husinyaa na kubana barabara.

Kazi hiyo nayo isiitwe kuganga. Kinachogangwa ni kilichovunjika. Kishikio huimarishwa kikiwa bado kizima.