Apdeti Haijui Kwamba Kwenu Stima Hupotea

Wasee, kabla ubonyeze hicho kitufe cha kusasisha kompyuta, nipe dakika saba.

Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo, nilikuwa najitafutia kwa kuchukua video za harusi. Kamera ya kuazima. Laptopu ya mtumba niliyonunua Luthuli, betri imekufa kitambo, kwa hivyo ilikuwa inakaa kwa ukuta saa zote kama mgonjwa wa dripu. Jumamosi moja nikachukua harusi Machakos. Jumapili nikahamisha kila kitu kwa laptopu na nikafuta kadi, kwa sababu Jumatatu kamera ilikuwa inarudi kwa mwenyewe. Usiku huo laptopu ikaniambia kuna apdeti. Nikaikubalia, nikakaa nikiangalia duara likizunguka. Chini yake imeandikwa usizime kompyuta yako.

Ilifika asilimia 34, stima ikapotea. Mtaa mzima giza.

Stima iliporudi, mashine ikakataa kuwaka vizuri. Ilizunguka, ikazima, ikazunguka tena, halafu ikaniletea orodha ya machaguo. Moja lilisema nianze upya na niondoe kila kitu. Saa nane usiku, kichwa kimechoka, nikadhani "kila kitu" ni takataka za hiyo apdeti. Nikabonyeza. Baada ya saa moja ikawaka ikiwa safi kama ya dukani. Safi kabisa. Hapo ndipo tumbo likanishuka.

Nilirudisha zile 18,000 nilizokuwa nimelipwa. Mathe wa bibi harusi akanipigia. Hakunifokea, na ni afadhali angenifokea. Aliniambia, "Mwanangu, pesa ni pesa, utapata na nitapata. Lakini maneno baba yake alisema pale mbele, hayo nitayatoa wapi?"

Kwa muda mrefu nilijiambia ni bahati mbaya yangu tu. Halafu nikaanza kusoma historia ya hizi apdeti, nikapata kwamba hadithi yangu ni ya zamani sana. Mashine haijawahi kushikwa na wazimu ikala faili za watu. Kila mara ilifanya kile ilichoambiwa, na aliyeiambia alikuwa amedhani kitu fulani kuhusu kompyuta ambayo hajawahi kuiona. Apdeti ni kama mgeni anayekuja kukupangia nyumba usiku, taa zimezimwa, na ramani aliyo nayo ni ya nyumba yake.

2001: nafasi moja tu

Oktoba 2001 Apple walionyesha dunia iPod ya kwanza. Ili iPod ifanye kazi walihitaji toleo jipya la programu yao ya muziki, iTunes 2, na mwanzoni mwa Novemba wakaliachilia. Huu haukuwa hata mfumo endeshi, ilikuwa programu ya nyimbo. Lakini kisakinishi chake kwenye Mac OS X kilikuwa na amri ya kuondoa toleo la zamani kwanza, na aliyeandika hiyo amri alisahau kuzungushia jina la diski alama za kunukuu.

Sasa sikiza. Tuseme diski yako imegawanywa sehemu mbili. Moja unaiita "Kazi" na nyingine "Kazi Mpya". Bila zile alama, kompyuta ikifika kwenye ile nafasi kati ya maneno mawili inadhani jina limeisha. Inaambiwa ifute kitu kidogo ndani ya "Kazi Mpya", yenyewe inasoma "Kazi", na inafagia "Kazi" yote. Watu walisakinisha programu ya muziki wakapata sehemu nzima ya diski imebaki tupu. Apple waliiondoa haraka na kuleta toleo la 2.0.1, lakini aliyefagiliwa alikuwa ashafagiliwa.

Yaani mtu mmoja alidhani majina ya diski hayana nafasi. Basi.

2009: mgeni anayefagia nyumba ya mwenyewe

Tarehe 28 Agosti 2009 Apple walitoa Mac OS X Snow Leopard. Kwenye Mac kuna akaunti ya mgeni: rafiki anaitumia, akimaliza na kutoka, kila alichoacha kinafutwa. Wazo poa sana. Shida ni kwamba wengine walipoingia kama wageni, wakatoka, kisha wakarudi kwa akaunti yao wenyewe, walikuta nyumba yao ndiyo imefagiliwa. Picha, hati, muziki, zote hakuna.

Oktoba Apple walikubali kwamba tatizo lipo, wakasema linatokea kwa nadra sana. Dawa ilikuja na toleo la 10.6.2 mwezi wa Novemba. Hilo neno "nadra" liweke mfukoni, maana tutakutana nalo tena.

2018: folda "tupu"

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu kuna watu walipiga kelele mapema.

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho kubwa la Windows 10, toleo la 1809. Siku chache tu baadaye wakalisimamisha dunia nzima. Watu walikuwa wanawasha kompyuta na kukuta hati zao, picha zao, kazi za miaka, zimeenda.

Kwa nini? Unajua vile diski C hujaa haraka. Windows inakuruhusu kuhamisha makao ya folda kama ya hati na ya picha, ziende kwa D au diski nyingine yenye nafasi. Lakini ukibadilisha makao bila kuhamisha vitu, vile vya zamani vinabaki kwa folda ya zamani. Watu wengi wako hivyo na hawana habari. Faili mpya zinaenda D, za zamani zimelala C, na maisha yanaendelea.

Baada ya sasisho la Aprili 2018, baadhi ya watu wenye mpangilio huo walilalamika: mbona naona folda mbili zenye jina moja, na moja haina kitu? Microsoft wakasikia. Katika toleo la Oktoba wakaweka msimbo wa kuondoa hizo folda zilizojirudia na zilizo tupu. Msimbo huo ukakutana na badiliko lingine katika hatua za kusakinisha, na matokeo yake folda za zamani zikafutwa pamoja na vilivyokuwa ndani. Zilidhaniwa tupu. Hazikuwa tupu.

Ona vile hiyo inauma: lilikuwa ni jaribio la kusaidia. Mtu alilalamikia fujo, na fundi akaja kuitoa pamoja na sanduku la vyeti.

Tarehe 9 Oktoba, John Cable wa Microsoft aliandika maelezo kwa umma. Alisema ripoti za watu kupoteza data zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Piga hesabu: mtu mmoja kati ya kila 10,000 waliosakinisha. Ni namba ndogo, sikatai. Lakini kuna kitu asilimia haiwezi kukuambia. Yule mmoja hakupoteza asilimia 0.01 ya picha zake. Alipoteza zote.

Na hao walioumia hawakuwa wazembe. Siku hizo za kwanza sasisho lilikuwa halijaanza kusukumwa kwa kila mtu. Lilienda kwa wale walioingia wenyewe kwenye mipangilio na kubonyeza kutafuta masasisho. Wanafunzi wa mbele darasani, wale tunaambiwa kila siku tuwe kama wao.

Halafu kelele. Tangu 2014 Microsoft walikuwa na mpango wa Windows Insider, ambapo watu wa kawaida, kwa mamilioni, wanajaribu matoleo kabla hayajatoka na kuripoti shida. Mwaka huohuo wa 2014 kampuni ilitangaza kupunguza hadi nafasi 18,000 za kazi. Nyingi zilikuwa za Nokia waliyokuwa wameinunua, lakini wapimaji wa programu pia walikuwemo. Kwa hivyo macho ya watu kama mimi na wewe yakawa muhimu kuliko zamani.

Na hayo macho yaliona. Miezi kabla ya Oktoba, baadhi ya hao wajaribu waliripoti kwamba toleo jipya limekula faili zao. Lakini ripoti ilikuwa inapanda juu kulingana na wangapi wameiunga mkono kwa kura. Shida inayosumbua wengi kidogo ilipata kura nyingi. Shida iliyomaliza wachache kabisa ilipata kura chache, ikazama chini. Mfumo ulihesabu vichwa, haukuuliza kidonda ni kikubwa kiasi gani. Zaidi ya hapo, toleo hilo lilirukishwa hatua ya mwisho ya majaribio ambayo kwa kawaida matoleo hupitia kabla ya kutoka.

Wacha niwe muungwana: Microsoft walikubali kosa. Waliongeza mahali pa kusema shida yako ni nzito kiasi gani, na sasisho likarudi tarehe 13 Novemba 2018 likiwa limerekebishwa.

Kwa hivyo tusisasishe?

Hapa ndipo wengi wenu mmeanza kutabasamu. "Si nilisema! Mimi apdeti nilizima 2019."

Mtu wangu, tulia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha usalama cha Windows. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo, virusi vya WannaCry vikaingia kwa kutumia tundu lilelile. Vilifunga faili za watu na kudai pesa, katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo karibu miezi miwili. Kukataa apdeti nako kunakula faili.

Na sasa hivi wengi wetu tuko hapo katikati. Muda wa kawaida wa Windows 10 kupata msaada uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tulizo nazo hazifikii masharti ya Windows 11. Watu wanalazimisha, wanabadilisha mifumo, wanapeleka kwa fundi wa saiba wakiwa na nakala moja tu ya maisha yao. Kila ninapoona hivyo nakumbuka ile asilimia 34.

Maana ukiangalia vizuri, hata ile sentensi ya usizime kompyuta yako ni dhana. Aliyeiandika alidhani wewe ndiye mwenye uamuzi. Alidhani una betri. Hakuwahi kuishi kwetu, ambapo stima ikitaka kuenda haiombi ruhusa. Nami saa nane usiku nikaongeza dhana yangu juu ya yake: kwamba "kila kitu" haimaanishi kila kitu. Simlaumu mtu mwingine kwa hiyo.

Kuna jambo moja ningependa mtu angeniambia usiku ule. Faili ikifutwa, mara nyingi haiondoki papo hapo. Ni kama kelele za landilodi amefuta jina lako kwa daftari lakini vitu vyako bado viko ndani. Vinatupwa nje mpangaji mpya akiingia. Ndiyo sababu mwaka 2018 walioathirika waliambiwa wapunguze kabisa kutumia kompyuta hiyo na watafute msaada. Kwenye diski za kisasa za SSD hata huo muda huwa mfupi zaidi. Mimi nilifanya nini? Asubuhi yake niliweka upya programu zangu zote za kuhariri video, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine. Nikaingiza wapangaji wapya mwenyewe, kwa mikono yangu. Fundi alipoangalia baadaye, alipata vipande vya ngoma na keki. Maneno ya yule mzee hayakuwepo.

Basi mimi siku hizi nafanya hivi. Sikatai apdeti, lakini kubwa naipa wiki mbili au tatu, wenye haraka watangulie. Ndogo za usalama naweka upesi. Kabla ya yoyote, vitu ambavyo siwezi kuvipata tena vinakaa mahali pawili zaidi: diski ya nje, ambayo naichomoa kabisa, na mtandaoni. Bando ikiwa imeisha, hata fleshi ya rafiki ni afadhali kuliko hakuna. Ukiwa na laptopu isiyo na betri, sasisha ukiwa mahali penye stima ya kuaminika, ama subiri. Na ukipoteza kitu, acha hiyo mashine. Izime. Usiguse.

Mwezi uliopita nilipata harusi nyingine, Kitui. Nimeshawapa video yao, lakini ile kadi bado iko kwa droo yangu. Siifuti mpaka mathe aniambie amesikia kila neno.