Kugharimia Kuondoka: Wazazi wa Kamituga na Safari za Watoto Wao

1. Utangulizi

Historia ya Kamituga imezoeleka kuandikwa kwa majina ya makampuni na kwa kilo za dhahabu. Mji huu, ulioko katika utawala wa Wamuzimu, wilayani Mwenga, umbali wa kilomita zipatazo 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, hutajwa kila panapozungumzwa migodi ya Kivu ya Kusini. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba, pamoja na dhahabu, Kamituga imetoa watu. Vijana wa kiume na wa kike wameondoka hapo kizazi baada ya kizazi kwenda Bukavu, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa, na wengine wamevuka mipaka ya nchi. Nyuma ya kila kijana wa namna hiyo yupo mzazi aliyebaki.

Makala haya yanamchunguza mzazi huyo. Hoja yake ni kwamba mzazi wa Kamituga hakuwa mtazamaji wa safari za watoto wake. Yeye ndiye aliyezilipia, kwa jasho na mara nyingi kwa afya yake, na malipo hayo ndiyo yaliyobadilisha maana ya kuwa mzazi katika mji huo.

2. Kabla ya mgodi: binti ndiye msafiri

Katika jamii ya Warega, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, ukoo hufuata upande wa baba. Binti alipoolewa alihamia kwa mumewe, mara nyingi katika kijiji kingine, ilhali mtoto wa kiume alitarajiwa kujenga karibu na babake. Kwa hiyo, aliyezoea kuaga alikuwa mzazi wa binti. Hata hivyo, safari ya binti haikukata uhusiano. Mahari na zawadi zilizopita kati ya koo mbili ziliacha njia wazi, na watoto aliowazaa huko walikuwa na haki ya kutembelea kwa wajomba zao na kupokewa kama wenyeji.

Umuhimu wa mwana aliyebaki unaonekana vizuri katika bwami, ule ushirika wa Warega wenye ngazi nyingi ambao daraja yake ya juu kabisa kwa wanaume huitwa kindi. Mtu hakupanda ngazi hizo peke yake. Alihitaji mali nyingi, na mali hizo zilikusanywa kwa msaada wa ndugu, wana na wakwe. Mwana aliyekaa karibu alikuwa, kwa maana hiyo, sehemu ya heshima ya babake mbele ya watu. Utawala wa Kibelgiji uliupiga marufuku ushirika huo mwaka 1948, lakini haukuweza kuufuta, kwani ulikuwa umefungamana na namna watu walivyohesabiana kama jamaa.

3. Nyumba isiyorithiwa

Kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyojulikana kwa kifupi kama MGL, iliundwa mwaka 1923. Dhahabu ya eneo la Kamituga iligunduliwa katika miaka hiyo ya 1920, na baada ya muda kazi ya kuosha mchanga wa mitoni ilifuatwa na uchimbaji wa chini ya ardhi katika mgodi wa Mobale. Wafanyakazi walikusanywa katika kambi. Yafaa ikumbukwe kwamba watu hao wa kwanza wa kambini walikuwa wenyewe watoto walioacha wazazi vijijini. Kamituga ilianza kama mji wa walioondoka kabla haijawa mji wa wanaoachwa.

Maisha ya kambini yalikuwa na faida zake: mshahara, shule, hospitali. Lakini yalibeba pia jambo moja ambalo mzazi wa kijijini hakulijua. Nyumba haikuwa ya baba, ilikuwa ya kampuni, na ilifungwa na kazi. Mzee wa kijijini aliweza kumwonyesha mwanawe mahali pa kujenga na shamba la migomba au mihogo la kulima. Mfanyakazi wa kambini hakuwa na kitu cha namna hiyo cha kuonyesha. Alichoweza kumwachia mtoto ni elimu, na elimu hiyo, ilipopita kiwango cha shule za mahali hapo, ilidai safari. Kuondoka kwa mtoto kulikuwa kumeandikwa tangu siku baba alipopokea ufunguo wa nyumba.

4. Watoto wa pembe tatu za nchi

Uamuzi uliowatawanya watoto zaidi ulipitishwa mbali na Kamituga. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), na kuvigawanya vitivo vyake kati ya miji. Aliyetaka kusoma fasihi na isimu alipelekwa Lubumbashi. Aliyechagua saikolojia na elimu alikwenda Kisangani. Wa udaktari alielekea Kinshasa. Hivyo mzazi mwenye watoto watatu waliofaulu aliweza kujikuta na mtoto katika kila pembe ya nchi, pasipo yeye wala watoto hao kuchagua mji wowote.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981. Huko Bukavu, Chuo cha Juu cha Ualimu (ISP) kilikuwapo tangu 1961, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kikafunguliwa mwaka 1989, hata wengine wakaweza kusomea karibu zaidi. Lakini ukaribu wa kilomita si ukaribu wa safari. Katika majira ya mvua, barabara ya Bukavu kupitia Mwenga huweza kuligeuza lori kuwa makazi ya siku kadhaa. Mzazi aliyesikia kwamba mtoto amepanda gari hakujua siku ya kumwandalia chakula.

Wakati huohuo mkono wa kampuni ulikuwa unalegea. MGL ilikuwa imemezwa mwaka 1976 katika SOMINKI, kampuni iliyounganisha makampuni kadhaa ya madini ya Kivu na Maniema. Bei ya bati iliporomoka duniani mwaka 1985, na SOMINKI, iliyotegemea sana madini hayo, haikusimama tena imara. Gharama ya masomo ilipanda pale ambapo mshahara wa baba ulikuwa unashuka. Ndipo mama aliposhika mchi.

5. Kutwanga mawe

Novemba 1982 sheria iliruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono katika maeneo yaliyotengwa. Kamituga ilijaa wachimbaji, ndani na nje ya mipaka iliyoruhusiwa, na kukazuka kazi ambayo imewapa wanawake wa mji huu jina: twangaises. Jina hilo ni ushahidi wa kiisimu wenye uzito. Shina lake ni la Kiswahili, kitenzi -twanga; mwisho wake ni wa Kifaransa. Mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza hucheka, kwa maana kutwanga ni kazi ya jikoni, ni kutwanga sombe au mahindi. Hapa kinu ni cha chuma, mchi ni nondo, na kinachotwangwa ni jiwe lililotoka shimoni. Jiwe husagwa mpaka liwe unga, unga huchekechwa, kisha huoshwa kwa maji ili chembe za dhahabu zibaki. Vumbi lake huingia kifuani. Wanawake wengi huikohoa kazi hiyo muda mrefu baada ya kuiacha.

Sababu iliyowapeleka kwenye kinu ilikuwa mara nyingi ada ya shule. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokosa thamani, wazazi wa Kongo walibeba mzigo wa kuwalipa walimu kwa michango. Elimu ya msingi ilirudishwa kuwa bila malipo katika shule za serikali mwaka 2019, lakini sekondari na chuo kikuu viliendelea kulipiwa. Mama aliyetwanga, basi, alikuwa akinunua kitu ambacho thamani yake ilikuwa kumtoa mtoto mikononi mwake. Kila bakuli la unga wa jiwe lilimsogeza mtoto hatua moja kwenda mbali.

Kwa nini alikubali? Jibu lipo mashimoni. Mtoto asiyeondoka hakubaki nyumbani, bali aliingia mgodini. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo ya mahali paitwapo Detroit, Kamituga, yaliporomoka na kujaa maji, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa, wengi wao vijana. Akina mama walisimama juu ya udongo wakingoja miili. Katika mji wenye mashimo ya aina hiyo, kumtaka mtoto akae karibu si lazima iwe dalili ya mapenzi kuliko kumtaka aende. Wazazi wamelazimika kupima kati ya mtoto aliye mbali na hai, na mtoto aliye karibu lakini chini ya ardhi.

6. Mzazi anayetumiwa

SOMINKI ilifikia mwisho wake mwaka 1997. Wafanyakazi wake wengi waliachwa na madai ya malipo ya mwisho, na wamezeeka wakiyadai. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na kuzuka upya mwaka 1998 viliongeza aina mpya ya kuondoka, isiyo na mitihani wala baraka za kuaga. Baadhi ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka Ziwa Tanganyika wakafika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na miongoni mwao wapo waliohamishiwa Marekani miaka mingi baadaye.

Katika hali hiyo majukumu yaligeuka. Mzazi aliyekuwa akituma sasa akawa anatumiwa. Kabla ya simu za mkononi, habari zilikwenda kwa barua iliyokabidhiwa dereva, au kwa foni, yaani redio ya mawasiliano. Foni haikuwa na siri: waliosimama karibu walisikia yote, na mzazi alilazimika kuuliza habari za njaa au za mimba kwa mafumbo. Simu ya mkononi ilirudisha faragha, na tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoingia Kongo, hata mchango wa dawa uliweza kufika kwa ujumbe mfupi.

Hata hivyo simu imefichua umbali mwingine, nao ni wa lugha. Mjukuu aliyezaliwa Kinshasa hukua na Kilingala na Kifaransa, ilhali bibi hutumia Kilega kwa mambo mazito. Kiswahili, ambacho kwa wazee kilikuwa lugha ya kambi na ya msimamizi wa kazi, kimekuwa mara nyingine daraja pekee kati ya bibi na mjukuu, na ni daraja jembamba. Mzazi hujifunza kusema machache: salamu, afya, baraka. Linalobaki bila kusemwa ni swali la nani atamzika, swali ambalo hakuna mtandao wa simu unaoweza kulijibu.

Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, wazazi wa Kamituga wenye watoto chuoni humo walijikuta upande mmoja wa mapigano na watoto upande mwingine. Mji ule uliosifiwa kuwa wa karibu ukawa mbali kuliko Kinshasa.

7. Hitimisho

Waswahili husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mfano wa Kamituga unaonyesha kinyume chake: katika nyumba ya mzazi aliyebaki, la asiyekuwapo ndilo hutangulia. Kwake hupangwa pesa na kwake huelekezwa maombi.

Imeonekana kwamba kila kipindi kilimpa mzazi namna yake ya kuachwa: mahari yalimrudishia wajukuu, kampuni ilimnyima urithi wa kugawa, serikali ilimchagulia mji, na mgodi ukamfanya alipe ili mtoto aende. Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba mzazi huyo amezoea kuondokewa. Amejifunza kazi mpya mara nne au tano katika muda wa karne moja, bila mshahara na bila kuandikwa. Daftari za kampuni zilihesabu dhahabu iliyotoka Kamituga, lakini watoto waliotoka humo, na mawe yaliyotwangwa kwa ajili yao, bado hayajahesabiwa. Mtafiti atakayetaka kuyahesabu inampasa afanye haraka, kwa kuwa wanaoyakumbuka ni wazee, na watoto wao hawako karibu kuwasikiliza.