Kinga ya Mwili Magharibi mwa Nairobi: Kutoka Mafua ya 1918 hadi Korona

Homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani iliingia Mombasa mnamo Septemba 1918, ikapanda reli, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeenea Nairobi na nyanda za juu zinazouzunguka mji huo. Nairobi ulikuwa haujatimiza miaka ishirini tangu reli ilipofika mwaka 1899. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeujaza askari na wapagazi wa Carrier Corps, wengi wao wakiwa wamekonda kwa njaa, malaria na kuhara damu, na mvua za mwaka huo zilikuwa zimekosa kunyesha. Madaktari hawakuwa na dawa wala chanjo, na hawakumjua adui wao: virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa London mwaka 1933, miaka kumi na mitano baadaye.

Virusi vya mafua, vya ukambi na vya korona, pamoja na vile vya RSV vinavyowabana watoto wachanga kifua, ni vya jamii mbalimbali, ila vyote hubeba maagizo yao ya uzazi katika RNA na vyote huingilia puani na kooni. Seli ya utando wa njia ya hewa ikishavamiwa huitambua RNA hiyo ngeni kwa vipokezi vilivyomo ndani yake, kisha hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli za jirani zizuie virusi kujinakili. Hayo hutokea katika saa za mwanzo. Homa, maumivu ya viungo na uchovu, ambavyo mgonjwa hudhani ni virusi vinavyomtafuna, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga yenyewe.

Ulinzi huo wa kwanza haubagui. Ulinzi wa pili huchelewa kwa siku kadhaa, kwa kuwa mwili lazima uchague, kati ya mamilioni ya seli nyeupe, zile chache zinazokitambua kirusi hicho hasa, kisha uzizidishe ndani ya tezi za limfu. Seli T huua seli zilizokwisha kuvamiwa. Seli B hutengeneza kingamwili, ambazo hunata juu ya virusi na kuvizuia visiingie katika seli nyingine. Mgonjwa akipona, baadhi ya seli hizo hubaki kama seli za kumbukumbu, na virusi vile vile vikirudi jibu huja upesi. Kwa hiyo, ili kujua ugonjwa utamfanya nini mtu, ni lazima kujua mwili wake uliwahi kukutana na nini, na katika umri gani.

Mwaka 1918 jambo hilo lilionekana kwa namna ya kutisha. Mafua ya kawaida huua zaidi wachanga na wazee. Yale ya 1918 yaliua pia vijana wenye nguvu, wa miaka ishirini hadi arobaini. Maelezo mawili yanatajwa zaidi: kwamba wazee waliwahi kukutana utotoni na virusi vya jamii hiyo, na kwamba kinga ya vijana ilijibu kwa ukali kupita kiasi hadi mapafu yakajaa majimaji. Virusi hivyo vilipoundwa upya maabara na kupewa kima, karibu miaka tisini baadaye, vilisababisha mfumuko huo wa kinga usiodhibitika. Wengi duniani walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyoingia katika mapafu yaliyokwisha kuharibiwa.

Baada ya mafua hayo, ugonjwa mwingine ulioipa Nairobi shida kwa muda mrefu ulikuwa ukambi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga hospitali ya magonjwa ya kuambukiza huko Mbagathi, kusini-magharibi mwa mji, chini ya hospitali kuu iliyoitwa King George VI na ambayo baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko walipelekwa wenye kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo na ukambi. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto wa Nairobi aliugua ukambi, na katika mitaa yenye msongamano aliugua akiwa mdogo sana, umri ambao ugonjwa huo ni hatari zaidi.

Virusi vya ukambi vina tabia mbili zinazopingana. Protini za juu yake haziwezi kubadilika sana bila virusi kupoteza uwezo wa kuingia katika seli, na ndiyo sababu aliyepona ukambi huwa salama maisha yake yote, tofauti na mafua yanayobadilika sura mwaka hadi mwaka. Lakini virusi hivyo hivyo huvamia seli za kumbukumbu zenyewe. Mtoto hupona ukambi huku mwili wake ukiwa umesahau sehemu ya magonjwa mengine uliyokwisha kuyashinda. Wauguzi wa Afrika Mashariki waliujua ukweli huo wodini, kwa kuwaona watoto wakirudi na nimonia na kuhara wiki kadhaa baada ya vipele kukauka. Vipimo vya kingamwili vilivyouthibitisha vilichapishwa mwaka 2019. Tanzania nayo ilitoa mchango mkubwa: jaribio katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, lililochapishwa mwaka 1987, lilionyesha kwamba vitamini A hupunguza vifo vya watoto wenye ukambi, na matibabu hayo leo hutolewa duniani kote.

Chanjo ya ukambi ilipokuja, swali gumu lilikuwa ni lini idungwe. Katika miezi ya mwisho ya mimba, kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto baada ya kuzaliwa. Lakini kingamwili hizo hizo hukizima kirusi dhaifu kilichomo katika chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Ukimchanja mapema, chanjo inapotea bure. Ukichelewa, ukambi unamfikia kwanza. Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani ziliendesha utafiti juu ya jambo hilo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1977: kadiri mtoto anavyokua katika mwaka wake wa kwanza, ndivyo chanjo inavyoshika zaidi, huku hatari ya kuugua nayo ikipanda. Utafiti huo wa watoto wa Kenya ni miongoni mwa misingi ya pendekezo la kuchanja katika miezi tisa, ambalo nchi nyingi zinalifuata hadi sasa. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na dozi ya pili, ya miezi 18, iliongezwa mwaka 2013.

Ukimwi ulivuruga hesabu hiyo. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba watoto wa akina mama wenye virusi vya ukimwi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ukambi kabla ya kufikia miezi tisa. Watoto hao sasa hupewa dozi ya ziada wakiwa na miezi sita.

Kibera, umbali mfupi kutoka Mbagathi, ilianza kama ardhi waliyopewa askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, ikakua kuwa mojawapo ya mitaa mikubwa ya mabanda barani Afrika. Mwaka 2006 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, zilianza kufuatilia afya ya maelfu ya wakazi wa vijiji vya Gatwekera na Soweto West. Wahudumu walipita nyumba hadi nyumba kuuliza nani ana kikohozi au homa, na wagonjwa walitibiwa bure katika Tabitha Clinic. Ufuatiliaji huo ulitoa picha ya mafua na RSV kwa watoto wa mjini ambayo hospitali peke yake isingeweza kuitoa, kwa sababu wagonjwa wengi hawafiki hospitalini. Kati ya 2010 na 2012 watoto wa huko walipewa pia chanjo ya mafua ya msimu ili kupima inavyofanya kazi. Nairobi haina baridi kali inayofungua msimu mmoja wa mafua kama Ulaya. Virusi huzunguka karibu mwaka mzima.

Korona ilipotangazwa nchini Machi 13, 2020, kitengo cha magonjwa ya kuambukiza cha Mbagathi ndicho kilichopokea wagonjwa wa mwanzo. Vipimo vya pua vilionyesha visa vichache, lakini damu ilisimulia mengine. Sampuli za wachangia damu za Aprili hadi Juni 2020 zilionyesha kingamwili kwa takriban asilimia 7 ya wachangiaji wa Nairobi. Mnamo Novemba, uchunguzi wa kaya za jiji ulipata kama asilimia 35, na Kibera mwezi Desemba zaidi ya asilimia 40. Wengi hawakujua kamwe kwamba waliugua. Ujana wa wakazi ndiyo sababu inayotajwa zaidi: interferoni za kijana hujibu upesi, ilhali za mzee huchelewa na kuviachia virusi nafasi. Vifo visivyopimwa navyo vilikuwepo, na takwimu za hospitali pekee haziwezi kuaminiwa kuwa picha kamili.

Chanjo ya kwanza ya korona nchini ilidungwa Hospitali ya Kenyatta Machi 5, 2021. Wakati huo sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi walikuwa tayari na seli za kumbukumbu za virusi hivyo, na kwa watu wa namna hiyo dozi ya kwanza hufanya kazi ambayo kwa wengine hufanywa na ya pili.