Pikapu ya kazi nzito kwa kuvuta trela la kuishi

Pikapu ya kazi nzito ni daraja la magari ya Marekani Kaskazini lenye chesisi, ekseli, springi na breki imara kuliko za pikapu ya kawaida. Wakulima, makandarasi na mafundi ndio wateja wake wa asili. Kwa familia za Marekani na Kanada, hata hivyo, sababu kubwa ya kuhamia daraja hili ni trela la kuishi: nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji, inayovutwa nyuma ya gari wakati wa likizo, au mwaka mzima kwa wastaafu walioamua kuishi safarini. Wengi wanaohama husema gari la zamani halikuwa na nguvu. Mara nyingi sivyo. Injini za siku hizi huvuta vizuri sana. Kinachozidiwa mapema ni mgongo wa gari, kisha breki, kisha utulivu wake barabarani, na ni juu ya mambo hayo matatu ambapo mnunuzi anapaswa kupiga hesabu zake.

Madaraja

Majina ya nusu tani, robo tatu tani na tani moja yalitokana na mzigo ambao bodi ya gari ilikusudiwa kubeba zamani. Leo yamebaki kuwa majina tu. Ford F-150, Ram 1500, Chevrolet Silverado 1500 na GMC Sierra 1500 huitwa nusu tani. Zenye namba 250 au 2500 ni robo tatu tani. Zenye 350 au 3500 ni tani moja, na baadhi ya hizi huwekwa tairi mbilimbili kila upande nyuma. Ford ilitenga pikapu zake nzito na F-150 kuanzia modeli za mwaka 1999, ikazipa jina la Super Duty na chesisi yake yenyewe. Kwa hiyo anayetoka F-150 kwenda F-250 hanunui gari lilelile lililoongezewa springi. Ananunua gari jingine.

Tofauti huonekana ukichutama kando ya gurudumu la nyuma. Rimu ya nusu tani kwa kawaida hushikwa na nati sita, ya pikapu nzito nane, na katikati yake huchomoza habu kubwa inayofanana na ya lori. Katika nusu tani, shafti ya ekseli hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzungusha gurudumu na hubeba uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka nayo. Katika pikapu nzito, uzito hukaa juu ya bomba la ekseli kupitia beringi za habu, na shafti ina kazi moja tu ya kuzungusha. Fundi anaweza kufungua boliti zake na kuichomoa gari likiwa limesimama kwa tairi zake zote, bila jeki. Tairi nazo ni za aina ya lori dogo, zenye kuta nene, ambazo zikibeba mzigo kamili hujazwa upepo hadi psi 80, ilhali za nusu tani nyingi huishia 35 hivi. Kuta nyembamba hunesa trela linapoyumba, na dereva huhisi mneso huo kwenye usukani kabla hajauona kwenye kioo.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea Hilux ya kebini moja inayobeba tani nzima ya saruji anaweza kushangaa kwamba nusu tani ya Marekani yenye milango minne, viti vya ngozi na paa la kioo mara nyingi imeruhusiwa kubeba kilo 600 hadi 800 tu, watu wakiwemo. Starehe ina uzito wake, na kila kilo ya starehe hukatwa kwenye mzigo.

Hesabu ya mlangoni

Ukifungua mlango wa dereva utaona kwenye nguzo yake stika nyeupe yenye ufito wa njano, ambayo sheria ya Marekani inataka iwepo. Hutaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa gari hilohilo, si kwa modeli nzima. Ndiyo namba muhimu kuliko zote kwa mwenye trela, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu matangazo hupigia debe namba nyingine: uwezo wa kuvuta. F-150 iliyoandaliwa maalumu imetangazwa kuvuta zaidi ya kilo 6,000. Familia huona trela la kilo 3,200, huona uwezo wa kilo 5,000 katika kijitabu cha gari lao, hujiona salama kabisa, na hulipa.

Trela, hata hivyo, halivutwi tu. Shingo yake huegemea kiungio kilicho nyuma ya gari, na ili litulie barabarani shingo hiyo lazima ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Uzito wa shingo ni mzigo wa gari sawasawa na gunia lililowekwa kwenye bodi. Chukua stika inayosema kilo 650. Baba, mama na watoto wawili ni kilo 260. Baiskeli, jenereta, mbwa na sanduku la vyakula ni 90. Kiungio chenye vyuma vya kugawa uzito ni 40. Zimebaki 260. Trela la kilo 3,200 likiegemeza asilimia 13 huleta kilo 416. Gari limezidiwa kwa kilo 156, na bado halijafika hata theluthi mbili ya uwezo wake wa kuvuta.

Uzito wa trela wenyewe nao hudanganya. Namba iliyo kwenye kijitabu cha muuzaji ni ya trela tupu lilivyotoka kiwandani, mara nyingi bila betri, bila gesi, bila maji, bila sufuria wala mashuka. Tangi la maji safi la lita 150 ni kilo 150. Familia ikishaweka vitu vyake, trela hupanda kwa mamia ya kilo, na kwa kuwa makabati mengi na mitungi ya gesi viko mbele, sehemu ya ongezeko hulalia shingo. Mpiga hesabu makini hutumia uzito wa juu ulioruhusiwa ulioandikwa kwenye trela, hakubali ule wa trela tupu.

Hapa watu hujaribu kukwepa. Wanaongeza springi za hewa nyuma, kama mafundi wetu wanavyoongeza majani ya springi kwenye pikapu ya sokoni, na gari kweli linanyanyuka na kukaa sawa. Lakini ekseli, beringi, rimu na breki ni zilezile, na namba ya mlangoni haibadiliki. Kiungio cha kugawa uzito kina faida halisi: vyuma vyake hurudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele na kwenye ekseli za trela, usukani ukapata tena mshiko. Hata hivyo hakiigeuzi nusu tani kuwa robo tatu.

Kipimo cha Arizona

Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijitungia namba zake za kuvuta. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilitoa kanuni iitwayo J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kuifuata katika modeli zake za 2011; viwanda vya Marekani vilikuja baadaye. Kanuni hiyo inataka gari na trela lake vitoke kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97, ndani ya sekunde 30. Kisha vinapandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona, barabara ya maili 11.4 kutoka bonde la mto Colorado, kiyoyozi kikiwa wazi kabisa katika joto la nyuzi 38, bila kushuka chini ya maili 40 kwa saa kwa gari lenye tairi moja kila upande nyuma. Ni kipimo cha haki na kimesafisha mengi. Lakini ndani ya gari kinaweka dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja kilo 68. Familia ya watu watano haimo katika kipimo hicho.

Kushuka na upepo

Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga, Tanzania, nyuma ya lori linalonuka breki hahitaji kuelezwa kwa nini kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Huko Colorado, barabara kuu ya I-70 hupita katika handaki la Eisenhower kwenye kimo cha mita 3,400 hivi, kisha huteremka kwa mwinamo unaofikia asilimia 7, kandokando yake kukiwa na njia za changarawe za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Trela la kuishi lina breki za umeme zake lenyewe, na majimbo mengi hulazimisha breki hizo kwa trela lililozidi kilo 1,360 hivi. Hata hivyo breki yoyote inayokanyagwa kilomita kwa kilomita hupata moto na kufifia. Pikapu nzito ya dizeli hufunga njia ya moshi kwenye turbo, injini ikakabwa na kulizuia gari, na dereva mzoefu huteremka akigusa pedeli mara chache mno. Kwangu hii ndiyo sababu bora kuliko zote ya kulipia gari zito, hata kwa mtu ambaye hesabu ya mlangoni ilimruhusu kubaki na nusu tani.

Sababu ya pili ni upepo. Trela la kuishi lina upana wa mita 2.4 na urefu wa kwenda juu unaopita mita 3. Ubavu wake ni ukuta. Lori refu likikupita, hewa inayosukumwa na uso wake hulisukuma trela pembeni, kisha mkia wa lori hulivuta kurudi. Shingo ikiwa nyepesi mno, trela huanza kuyumba kulia na kushoto, na kila yumbo hukuza linalofuata. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu wakati huo ni hatari. Dereva huachia mafuta, hushika usukani wima, na kwa kidole hubana kile kidude kilicho karibu na goti lake kinachoziamsha breki za trela peke yake, hadi trela linyooke. Pikapu nzito yenye zaidi ya kilo 3,000 zake yenyewe haiondoi jambo hili, ila trela hupata kazi kubwa kuiyumbisha.

Dizeli au petroli

Dodge ilipoweka injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita mstarini, katika pikapu zake za modeli ya 1989, ilibadilisha soko hili lote. Ford ilifuata na Power Stroke mwaka 1994, na General Motors na Duramax, iliyotengenezwa pamoja na Isuzu, mwaka 2001. Dizeli huvuta kwa mizunguko michache na, kwa kuwa ina turbo, haichoki kwenye miinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Upande wa pili, dizeli huongeza karibu dola 10,000 kwenye bei, huhitaji kimiminika cha urea na vichujio vya masizi ambavyo ukarabati wake ni ghali.

Na ina mtego mmoja ambao wanunuzi wengi hugundua baada ya kulipa. Robo tatu tani nyingi ziliwekewa kwa miaka mingi kikomo cha uzito wote cha pauni 10,000, yaani kilo 4,536, kwa sababu juu ya hapo magari ya biashara huingia katika kanuni nyingine za serikali. Injini ya dizeli na giaboksi yake mara nyingi huzidi za petroli kwa zaidi ya kilo 250, na kikomo kikiwa palepale, kilo hizo hutoka kwenye mzigo. Robo tatu ya dizeli yenye mapambo yote inaweza kubaki na kilo 900 au 1,000 tu. Tani moja yenye karibu chesisi hiyohiyo na tairi moja kila upande huruhusiwa zaidi kwa mamia ya kilo, kwa tofauti ndogo ya bei. Kwa trela kubwa linalokaa ndani ya bodi juu ya ekseli ya nyuma, kama trela la semi linavyokaa kwenye kichwa chake, ambapo shingo hubeba asilimia 15 hadi 25, tani moja ndiyo ya kuanzia.

Gari zito lina adha zake. Likiwa tupu hurukaruka kwenye mashimo, na la milango minne lenye bodi ndefu hupita mita 6.5, urefu ambao gereji nyingi za nyumbani hazina.

Mizani

Uthibitisho wa hesabu zote hupatikana kwenye mizani za vituo vya malori kando ya barabara kuu za Marekani, zilizo wazi kwa mtu yeyote kwa ada ndogo. Gari hupanda juu ya mabamba matatu: tairi za mbele kwenye la kwanza, za nyuma kwenye la pili, trela kwenye la tatu, likiwa limepakiwa kila kitu na familia imekaa garini. Kisha trela hufunguliwa na pikapu hupimwa peke yake, watu na mizigo vikiwa vilevile. Ukitoa uzito wa pili wa pikapu kutoka ule wa kwanza, na vyuma vya kugawa uzito vikiwa vimelegezwa katika upimaji huo wa kwanza, unapata uzito halisi wa shingo. Namba za ekseli hulinganishwa na zile za mlangoni, na ikiwa ya nyuma imepita, hakuna springi ya kuirudisha: ni kupunguza mzigo, kubadili trela, au kubadili gari.