Ndiva na Bwana Shamba: Elimu ya Kilimo katika Milima ya Upare

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi huiona Milima ya Upare mkono wake wa kulia mwendo mrefu, na chini yake huona nchi kavu ya miiba, mikonge na mibuyu hapa na pale. Mvua itokayo Bahari ya Hindi hunyesha zaidi upande wa mashariki na vileleni. Upande wa Makanya na Same hupata masalio tu. Katika nchi ya namna hii mkulima hawezi kuyaacha maji yajiendee. Wapare walilitambua jambo hilo kabla ya kuja kwa wakoloni, wakachimba mifereji na kujenga ndiva. Habari ya ndiva ndiyo tutakayoifuata hapa, kwa sababu imebeba swali ambalo elimu ya ugani imelikabili tangu ilipoanza: nani anamfundisha nani?

Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa penye mteremko ili kukusanya maji ya mfereji usiku kucha. Wakati wa kiangazi maji ya kijito huwa machache. Yakiachwa yatiririke kidogo kidogo, mchanga huyanywa kabla hayajalifikia shamba la mbali. Lakini yakilimbikizwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa pamoja, huenda kwa nguvu na kufika. Jambo hili ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda, maana mfereji ukiinama kupita kiasi maji hubomoa kingo, na ukilala sana hujaa tope. Waliozichimba ndiva za kwanza hawakuwa na chombo cha kupimia usawa wa ardhi. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo.

Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalirithishwa katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo asiyehudhuria hutozwa faini. Kijana aliyeshika jembe ili kuondoa tope katika ndiva alijifunza mteremko kwa miguu yake, na alipopumzika kivulini aliwasikia wazee wakibishana ni zamu ya nani kesho na kwa nini. Mzee naye hakuwa mwalimu tu. Alimhitaji kijana aliyeamka usiku kuukagua mfereji, kwa kuwa huyo ndiye aliyejua ukuta ulivuja wapi. Naona hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya shule hii na nyingine nyingi: mwalimu asipopata habari kutoka kwa mwanafunzi, somo zima hukauka.

Kwa upande wake, serikali ya kikoloni iliamini kwamba habari huteremka tu. Wapare waliionyesha mapema kuwa hawapokei kila kiteremkacho: mwaka 1945 maelfu yao walikwenda Same, wakakaa huko wakipinga kodi iliyopewa jina la mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake kwa namna wasiyoiamini. Hayo yalikuwa mambo ya kodi. Katika kilimo, mfano ulio wazi zaidi uko nje ya Upare, katika milima ya Uluguru. Huko wakulima waliamriwa kukata matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lilikuwa jema, lakini ukataji huo ulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mkulima aliyetoa jasho lake akavuna pungufu. Mwaka 1955 zilizuka ghasia Matombo, na mpango ukavunjika. Wakulima walikuwa wameijua kasoro ya udongo ule kabla ya maofisa kuikubali.

Baada ya Uhuru, nia ilibadilika. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mwanafunzi huzoezwa kudhani maarifa yote ya maana yamo vitabuni, akayadharau ya wazee wake. Kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, ya mwaka 1975, iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri la kutenda. Hata hivyo desturi ya kuamrisha haikufa. Mfumo wa mafunzo na matembezi, ulioenezwa nchini kwa msaada wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1989, ulipeleka ujumbe kutoka kwa mtafiti hadi kwa bwana shamba, na kutoka kwake hadi kwa wakulima wachache waliochaguliwa. Njia ya kushukia ilikuwa pana. Ya kupandia ilikuwa nyembamba mno.

Bonde la Makanya, kusini mwa mji wa Same, limetuonyesha jambo jingine. Kuanzia miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka nje walifanya majaribio Bangalala, ndani ya mashamba ya wakulima wenyewe. Walijaribu kupasua ardhi kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe badala ya kuigeuza yote, na kuchimba makingamaji ya fanya juu yaliyoanza kuenea Machakos, Kenya, katika miaka ya 1950. Mahindi yalistawi kuliko katika kilimo cha mazoea. Lakini majira yalipokuwa makavu mno mbinu hizo peke yake hazikutosha, na watafiti wakarudi kuichunguza ndiva: maji yake yanafikaje, yanagawanywaje, na kwa sheria ya nani. Wageni waliokuja kufundisha wakawa wanafunzi wa kamati ya maji.

Na humo mlikuwa na somo ambalo shamba darasa, utaratibu ulioanzia Indonesia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga, haulifikii kwa urahisi. Shamba darasa huwakutanisha wakulima katika kipande kimoja cha ardhi. Maji hayajui mipaka ya kipande. Vudee iko juu, Bangalala katikati, Makanya chini kabisa. Mkulima wa Makanya husubiri mvua kubwa inyeshe milimani, kisha huyageuza mafuriko yaingie shambani mwake. Kila kingamaji linalochimbwa vizuri huko juu huweza kumpunguzia yeye mafuriko hayo. Afisa ugani aliyefundisha vema Bangalala anaweza kuwa amemnyima mtu chakula Makanya bila hata kumwona. Vudee na Bangalala zilikuwa na mapatano yao ya kugawana maji. Watafiti walipoyachunguza, walikuta Makanya haimo ndani yake.